Vyombo vimeongezeka, waumini wamenyamaza

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa na nimekabidhiwa idara ya muziki. Tuna kwaya kuu, kwaya ya akina mama, kwaya ya vijana na kikundi cha sifa. Zamani tulikuwa na kinanda kimoja tu. Sasa tuna vinanda viwili, drams, gitaa la solo, gitaa la besi na spika. Ajabu ni kwamba watu wanaimba kidogo kuliko zamani. Wengi wanasimama wanatazama. Kila kwaya inataka nafasi kila Jumapili na ibada inachelewa kwisha. Wazee wenzangu wanataka drams ziondolewe, wanasema ni za disko. Vijana wanasema zikiondolewa nao wataondoka, na wameomba tununue spika kubwa zaidi. Nifanye nini?

Jibu: Amina, mzee wangu, na pole kwa mzigo huo. Idara ya muziki ina watu wanaoipenda kazi yao kwa moyo wote, ndiyo maana haikosi ugomvi. Umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo, lakini katika barua yako kuna sentensi moja inayobeba nyingine zote: wengi wanasimama wanatazama. Ningekuwa wewe ningeanza hapo, na suala la drams ningeliweka kando kwa muda. Kamati ikianza kwa kupigia kura drams, mtapata walioshinda na walioshindwa, na waumini watabaki vilevile, kimya.

Fanya jaribio Jumapili ijayo. Chagueni wimbo ambao kila mtu anaujua tangu utotoni. Elewana na wapigaji kwamba ubeti wa tatu wote wanaacha kupiga, na waimbaji wa mbele wanashusha maiki. Wewe usikae mbele. Nenda safu za nyuma usikilize. Wimbo ukiendelea kwa nguvu, basi waimbaji mnao, ila vyombo vinawafunika. Ukififia hadi wabaki watu wachache wa mbele, jua kwamba watu wameshazoea kuimbiwa, na kuwarudisha kutachukua miezi. Ukisikia sauti za akina mama tu, huku wanaume wananguruma chini au wamefunga midomo, basi ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umepangiwa, uko juu mno.

Nianze na huo ufunguo, kwa sababu ndio unaonyamazisha watu wengi kuliko hata kelele, na ni nadra mtu kuushuku. Nyimbo nyingi mpya tunazipokea kutoka kwenye rekodi. Aliyerekodi ana sauti isiyo ya kawaida, na mtayarishaji wake ameupandisha wimbo hadi pale sauti hiyo inapong'aa. Bendi ya kanisa inaunakili wimbo ulivyo, kwa ufunguo uleule, kisha inawakabidhi watu ambao mara ya mwisho kuimba ilikuwa Jumapili iliyopita. Mkusanyiko wa watu wa kawaida, wazee kwa watoto, huimba kwa raha kuanzia noti ya A iliyo chini ya C ya kati (ile C ya katikati ya kinanda) hadi D ya oktava inayofuata. Wanaume huimba eneo hilohilo, oktava moja chini. Wakishachangamka wanaweza kuigusa E, lakini hawawezi kukaa hapo.

Chukua wimbo ambao noti yake ya chini kabisa ni so ya chini, na ya juu kabisa ni do ya juu. Mkiupiga kwa F, chini unafika C na juu unafika F. Nusu ya kanisa itaachia njiani kwenye kiitikio, yaani palepale walipotakiwa kuimba kwa nguvu zote. Ushusheni nusu-toni tatu, uwe kwa D. Sasa chini ni A na juu ni D, na kila mtu anaufikia. Mpiga gitaa atafurahi kwa sababu D ni ufunguo mwepesi kwake, na mpiga kinanda aliyezoea ufunguo mmoja ana kitufe cha kuhamisha ufunguo hadi ajifunze. Katika ibada ya alfajiri shusheni hata toni nzima zaidi, maana koo za asubuhi bado hazijaamka. Mwalimu wa kwaya awe na daftari: kila wimbo unaoimbwa na kanisa zima, aandike noti yake ya juu kabisa na ufunguo mliokubaliana. Daftari hilo litamaliza ubishi mwingi. Kwaya ikiimba wimbo wake yenyewe, ipande itakavyo. Hapo hakuna anayetakiwa kuifuata.

Jambo la pili ni kutotabirika. Kiongozi wa sifa anaanza ubeti wa kwanza, anarukia kiitikio, anarudia mstari mmoja mara sita, anapaza maneno yake mwenyewe katikati, kisha anapandisha ufunguo bila dalili. Kwake ni uhuru wa Roho, na siwezi kusema Roho haongozi hivyo. Lakini muumini wa safu ya kumi hajui kinachofuata ni nini, na mtu asiyejua kinachofuata hufunga mdomo kwa kuogopa kukosea. Kiongozi aimbe sauti ya kwanza ilivyo, bila kuizungushazungusha. Madoido wafanye wenzake wawili watatu walio nyuma yake. Utangulizi wa kinanda uwe mstari wa mwisho wa wimbo, upigwe kwa mwendo uleule utakaoimbwa, ili watu wajue wanaingilia wapi. Na mwisho wa kila mstari waacheni watu wavute pumzi. Mpiga drams anayekimbiza wimbo hadi watu hawana pa kupumulia anawafukuza kwenye wimbo, hata kama kila pigo lake ni sahihi.

Sasa sauti yenyewe, ukubwa wake. Mtu huimba anapojisikia mwenyewe na kumsikia jirani yake. Spika zikizidi, hajisikii, kwa hiyo anaona sauti yake haina kazi na anaacha. Zikiwa chini mno na ukumbi ukawa kimya, mwenye aibu anaogopa kusikika peke yake, naye anaacha. Mnachotafuta kiko katikati, na hakipatikani kwa fundi mitambo kukaa kwenye kona ya jukwaa. Meza yake iwe kati ya watu, au walau atembee hadi katikati ya ukumbi na safu za nyuma wakati wimbo wa kwanza unaendelea, kisha arudi kurekebisha.

Kuna na afya ya masikio, ambayo kanisa lina wajibu nayo hasa kwa watoto na kwa vijana wanaokaa mbele ya spika kila wiki. Kipimo kinachotumiwa sana makazini ni kwamba sikio linavumilia desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Drams zikipigwa kwa nguvu ndani ya ukumbi mdogo zinaweza kumfikishia mtu wa karibu sauti inayozidi kiwango hicho bila maiki yoyote. Programu ya kupimia sauti kwenye simu haina usahihi wa chombo cha maabara, lakini itakuonyesha kama mko 80 au mko 100. Mpime mara kadhaa, mahali tofauti, na andikeni. Malumbano ya "mnatupigia kelele" na "hamtupendi vijana" hupoa sana yakiwekewa namba mezani.

Ukumbi nao ni sehemu ya bendi. Kuta tupu, sakafu ngumu na dari ya juu hurudisha sauti mara nyingi, na mwangwi huo hula maneno kabla hayajafika. Ukumbi wa namna hiyo hupendeza kwa kwaya inayoimba taratibu bila vyombo. Drams za haraka hugeuka mvumo usioeleweka. Halafu kuna umbali. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo mtu aliye mita 34 kutoka jukwaani husikia pigo la ngoma likiwa limechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, huo ni ucheleweshaji wa sehemu moja ya tano ya pigo. Ndiyo maana makofi ya nyuma hayaendani na ya mbele, na mpiga drams anadhani watu hawajui kupiga makofi.

Turudi kwa wazee wenzako na drams. Naomba wasidharauliwe, maana hoja yao ni ya zamani sana na ilitolewa na watu wazito. Katika karne za kwanza Wakristo waliabudu kwa sauti tupu, na walimu kama Clement wa Alexandria na Yohana Krisostomo walivikemea vyombo vya muziki kwa sababu vilinuka karamu za ulevi, michezo ya jukwaani na ibada za miungu. Hadi leo makanisa mengi ya Orthodox ya Mashariki hayatumii chombo chochote katika liturjia. Huko Zürich katika miaka ya 1520 Zwingli, mwanamageuzi wa Kiprotestanti ambaye mwenyewe alikuwa fundi wa vyombo vingi, aliviondoa vinanda vya mabomba kanisani. Calvin, mwanamageuzi mwenzake, naye aliwaimbisha watu wa Geneva zaburi kwa sauti moja bila ala, na mwaka 1562 kitabu chao cha zaburi zote 150 kikakamilika. Kule Marekani, suala la vyombo lilikuwa mojawapo ya sababu kubwa za Makanisa ya Kristo kutengana na wenzao wa kanisa la Disciples of Christ, na sensa ya dini ya 1906 ikawaorodhesha kama makundi mawili.

Lakini tazama na upande wa pili. Kinanda cha mabomba, ambacho leo wengi wanakiona ndicho chombo cha kanisa chenyewe, kilibuniwa Alexandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo na fundi aitwaye Ctesibius, na Warumi walikitumia katika viwanja vya michezo ya kumwaga damu. Mwaka 757 mfalme wa Bizanti alimpelekea mfalme Pipin wa Wafranki kinanda kama zawadi ya kifalme, na ni baada ya hapo, polepole, kwamba makanisa ya Magharibi yalianza kukikumbatia. Chombo kilichosikika pale watu walipouana kwa burudani kikaja kuwa sauti ya Pasaka. Mwaka 1903 Papa Pius wa 10 alipiga marufuku kanisani piano, ngoma na vyombo vingine vya kelele. Miaka 60 baadaye, mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukakipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza, ila ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa matumizi matakatifu, vinavyolingana na hadhi ya hekalu na kuwajenga waumini kweli. Na wakati Ulaya inabishana, Kanisa la Orthodox la Ethiopia lilikuwa likiabudu kwa ngoma kubwa iitwayo kebero, kwa utaratibu na uchaji ambao hakuna anayeweza kuuita disko.

Kwa hiyo sikubali kwamba ngoma ni chombo cha dunia kwa asili yake. Zaburi ya 150 imetaja baragumu, kinanda, kinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi, ikamalizia kwa kila mwenye pumzi. Hata hivyo Amosi 5:23 Mungu anawaambia watu waondoe kelele ya nyimbo zao, na hasemi hivyo kwa sababu ya chombo fulani, bali kwa sababu haki ilikuwa imekanyagwa. Wanachokisema wazee wako, ukikisikiliza vizuri, ni kwamba namna drams zinavyopigwa inawapeleka akili mahali pengine. Hilo ni la kweli kwao na linastahili kujibiwa kwa vitendo. Mpigaji ajifunze kupiga kwa kuwahudumia waimbaji. Beti za kwanza aache kabisa, au aguse matoazi tu. Atumie fimbo nyepesi za vijiti vilivyofungwa pamoja, zinapunguza ukali sana. Ngoma ya kukanyagia iwekewe kitambaa kizito ndani. Nyimbo za toba na za meza ya Bwana, drams zinyamaze kabisa. Na katika kila ibada uwepo walau wimbo mmoja usio na chombo chochote, ambao wazee watasikia kanisa zima likiimba kama walivyolijua. Ukifanya hayo kwa uaminifu, nina imani wazee wengi watalegeza, na vijana watagundua kwamba kunyamaza nako ni ufundi.

Ila kama kanisa lako kwa imani yake na katiba yake haliruhusu ngoma, hapo suala si langu wala lako, ni la mkutano mkuu wenu. Usiingize chombo kwa mlango wa nyuma ukitumaini watu watazoea. Kidonda cha namna hiyo hakiponi haraka.

Tuje kwenye vikundi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Vikundi vinne, kila kimoja nyimbo mbili, kila wimbo dakika 5 ukijumlisha kupanda na kushuka jukwaani: hizo ni dakika 40 ambazo waumini wamekaa wanaangalia. Halafu tunashangaa wamekuwa watazamaji! Tumewafundisha sisi wenyewe. Kwaya ni baraka kubwa. Imelea watu wengi kiroho kuliko semina zote tunazoandaa. Lakini kazi yake ya kwanza ni kulibeba kanisa liimbe, na wimbo wake maalumu unafuata baada ya hapo. Hata ule Mtaguso wa Vatikano, ulipoagiza kwaya zikuzwe kwa bidii, uliagiza papo hapo kwamba wachungaji wahakikishe waumini wote wanashiriki kwa sehemu yao.

Suala la zamu Biblia imelishughulikia waziwazi. Soma 1 Mambo ya Nyakati 25. Waimbaji stadi walikuwa 288, wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni na ndugu zao. Wangeweza kudai wote waimbe kila siku. Badala yake waligawanywa makundi 24 ya watu 12, na zamu zikapangwa kwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Hakuna kundi lililopewa nafasi kwa sababu lina sare mpya au mwenyekiti mwenye sauti kubwa.

Fanyeni vivyo hivyo. Kila Jumapili iwe na kwaya moja ya zamu. Hiyo ndiyo inayoongoza nyimbo zote za ibada na kuimba wimbo wake mmoja, uliochaguliwa kufuatana na somo la siku. Kwa hilo mchungaji akupe masomo ya mwezi mzima mapema; mwalimu wa kwaya anayeletewa somo Jumamosi jioni ataimba alichonacho, na hana kosa. Kikundi cha sifa kisiwe kabila la pekee. Waimbaji wake watoke katika kwaya zote, wabadilishane. Kwaya zisizo za zamu zisikae kwenye mabenchi yao zikisubiri. Zitawanyike kati ya watu, wawili hapa, watatu pale. Muumini mwenye sauti dhaifu akisimama karibu na mtu anayeishika sauti ya pili au ya nne vizuri, atashangaa naye ameimba. Sikukuu kubwa unganisheni kwaya zote ziwe moja. Mazoezi ya pamoja huondoa ushindani mwingi ambao vikao haviwezi kuuondoa.

Watapinga. Kwaya ambayo imeimba kila Jumapili kwa miaka itaona imeshushwa cheo. Kwa hiyo usilitangaze hili madhabahuni kabla hujakaa na walimu wa kwaya mmoja mmoja, na wenyeviti wao, ukawasikiliza hadi mwisho. Kwaya ya akina mama hasa uiendee kwa heshima ya pekee. Mara nyingi ndiyo inayowatembelea wagonjwa na kuimba misibani, na ikihisi imedharauliwa kanisa zima litalijua hilo.

Mahali vikundi vinaposimama nako kuna maana kuliko watu wanavyodhani. Kwaya ikipangwa katikati ya jukwaa, imewageukia watu, taa zimeielekea, kila kitu kinasema: tazameni. Ikikaa pembeni, imegeukia nusu kwa watu na nusu kwa madhabahu, inasema: twende pamoja. Kama jengo linaruhusu kwaya kukaa nyuma au kwenye ghorofa ya ndani, jaribuni; wimbo unaosukumwa kutoka nyuma huwafanya watu waimbe bila kutafuta wa kumtazama.

Kuhusu nyimbo mpya: zitazameni programu zenu za miezi mitatu iliyopita, mhesabu nyimbo tofauti mlizoimba na kanisa zima. Mkikuta ni nyingi kiasi kwamba mara nyingi wimbo umeimbwa mara moja ukaachwa, mmepata sababu nyingine ya ukimya. Mtu hawezi kuimba kwa moyo wimbo asioujua kwa kichwa. Wimbo mpya uimbwe na kwaya peke yake Jumapili ya kwanza, Jumapili ya pili watu waitikie kiitikio tu, ya tatu waimbe wote, ya nne urudiwe. Ukishakaa, leteni mwingine. Zaburi, tenzi na mapambio vyote viwepo. Paulo alivitaja zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni kwa pamoja (Wakolosai 3:16), na kila rika huhitaji kusikia wimbo wake na kujifunza wa mwenzake.

Mazoezi ya bendi nitayaeleza kidogo kwa undani, kwa sababu ndipo mabadiliko yanapoanza. Bendi nyingi huanza kwa kuwasha kila kitu. Wewe waambie waanze bila umeme. Kwanza waimbe wimbo wote, wapigaji wakiwemo, kwa midomo tu, maneno yote. Mpigaji asiyeyajua maneno atapiga kwa nguvu mahali pa maombi. Kisha kinanda kimoja kiingie. Kisha gitaa la besi, na hapo mwambie mpiga kinanda auinue mkono wa kushoto. Hili ni kosa ambalo nalisikia karibu kila mahali: mkono wa kushoto wa kinanda na gitaa la besi vikipiga noti za chini kwa wakati mmoja, ni kama watu wawili wanaokusimulia habari ileile kwa maneno tofauti, huelewi hata mmoja. Besi ikiwepo, kinanda kikae katikati na juu. Kinanda cha pili kishike sauti ndefu za nyuzi taratibu, au kikae kimya. Gitaa la solo lijibu mwishoni mwa mistari, lisipige juu ya maneno. Drams ziingie za mwisho kabisa, na zikiingia sauti za waimbaji ziendelee kusikika bila kuongeza maiki. Zikifunikwa, rudini nyuma hatua moja.

Wapigaji wenyewe ni roho za kuchungwa. Nimekaa katika makanisa mengi ambako vijana wa vyombo hutoka nje mahubiri yanapoanza na kurudi wakati wa sadaka. Tunawalaumu, lakini mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza habari za wokovu wao; tuliwaita kwa sababu ya vidole. Kenania aliwekwa juu ya uimbaji kwa kuwa alikuwa stadi (1 Mambo ya Nyakati 15:22), kwa hiyo ustadi ni sifa halali na msiuonee haya. Ila wawe na mtu wa kuwafundisha Neno, wakae na watu wakati wa mahubiri, na kila mmoja amfundishe mdogo wake chombo chake. Posho ikiwepo, iwe ya uwazi, iidhinishwe na kamati, na isiwe ya mpigaji mmoja kwa siri. Siri hiyo ndiyo inayovunja bendi.

Limebaki ombi la spika. Kwa sasa jibu langu ni hapana, na waeleze vijana sababu. Kwa ukumbi wenye mwangwi, spika kubwa mbele inaongeza mwangwi. Watu wa nyuma wakiwa hawasikii maneno, dawa ni spika ndogo katikati ya ukumbi, zilizowekewa ucheleweshaji ili sauti yake ifike pamoja na ya jukwaani. Kabla ya hata hizo, wekeni mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma, unaotazamana na jukwaa. Fundi mitambo apate mafunzo ya kweli, maana mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) mliyonayo huenda inatumika robo ya uwezo wake. Na maneno ya nyimbo yaonekane: vitabu vya kutosha, au maandishi makubwa ukutani yanayobadilika kabla ya mstari kuanza, si baada. Vijana wapeni kazi hiyo ya maneno wao wenyewe, pamoja na ile ya kupima desibeli kila Jumapili. Mkiyamaliza hayo na bado safu za nyuma hazisikii, niandikie vipimo vya ukumbi, urefu, upana na kimo cha dari, tutazame pamoja ni spika gani na ziwekwe wapi.